Kifua kinachobana baada ya mbio: pumu na mazoezi katika hewa ya Goma

Jumamosi asubuhi, maduka bado yamefungwa, vikundi vya mbio hupita mitaani Goma vikiimba na kupiga makofi. Katika vikundi hivyo hakosekani mtu anayemaliza safari sawa na wenzake, halafu wenzake wakianza kujinyoosha, yeye yuko pembeni ameinama, mikono magotini, anakohoa kikohozi kikavu kisicholeta kitu. Wenzake humwambia mazoezi bado hayajamkaa. Nyumbani huambiwa aache kabisa, kwa kuwa ana asima, yaani pumu. Ushauri wa kwanza unapuuza ugonjwa, wa pili unamnyima mgonjwa kitu kinachomsaidia: moyo na misuli iliyozoea kazi huhitaji hewa pungufu kwa kazi ileile, kwa hiyo mwenye pumu aliye fiti hupanda kilima bila kuhema kama yule asiyetoka nyumbani.

Paula Radcliffe wa Uingereza alikuwa na pumu tangu ujana wake, na mwaka 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25, rekodi ya dunia ya wanawake iliyodumu hadi 2019. Hakuponywa pumu. Alijua inakuja saa ngapi na kwa sababu gani, akajipanga. Kujipanga huko kunafundishika, na kwa mkaaji wa Goma kuna mambo mawili matatu ya ziada ambayo vitabu vya London havina haja ya kuyataja.

Kwa nini baada ya mbio

Mtu mzima aliyekaa huvuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Akikimbia kwa nguvu hufika lita 60, na mwanariadha hodari hupita 100. Pua imeumbwa kupasha hewa joto, kuilowanisha na kuichuja, lakini ikifika lita 35 au 40 kwa dakika pua peke yake haitoshi, mdomo unafunguka. Kuanzia hapo hewa baridi na kavu inaingia moja kwa moja hadi kwenye mirija ya kifua.

Ukuta wa ndani wa mirija hiyo umefunikwa na utando mwembamba wa majimaji. Hewa kavu ikipita kwa kasi hubeba maji ya utando, na majimaji yanayobaki huwa na chumvi kali zaidi. Kwa mtu mwenye pumu, ukuta huo tayari umejaa chembe za kinga zilizo macho kupita kiasi. Chumvi ikizidi, chembe hizo hufunguka na kumwaga histamini na lukotrieni, kemikali zinazokaza misuli inayozunguka mrija. Mrija unabana, makohozi yanaongezeka, na hewa inayotoka inapiga filimbi. Baridi huongeza ukali, lakini ukavu ndio mwenye kesi.

Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kila pumzi hapa ina oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na pwani, kwa hiyo mapafu huvuta hewa nyingi zaidi kwa kazi ileile, na asubuhi hewa hiyo ni ya baridi. Bukavu ni hivyohivyo, na vilima juu yake. Lubumbashi iko chini kidogo, lakini usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10 na hewa ya kiangazi hukauka kweli, ndiyo maana wengi huko wanaona pumu yao ina msimu.

Sasa lile swali la saa. Wakati wa kukimbia, mwili humwaga adrenalini, nayo hupanua mirija. Ukisimama, ulinzi huo unaondoka lakini kemikali zilizomwagwa zipo. Kwa hiyo kifua hubana zaidi kati ya dakika ya 5 na ya 10 baada ya kusimama, kisha hufunguka polepole chenyewe ndani ya nusu saa hadi saa moja au kidogo zaidi. Karibu nusu ya watu hupata baada ya hapo kipindi cha utulivu cha saa 1 hadi 3, ambacho wakikimbia tena kifua hakifungi, au hufunga kidogo tu. Kipindi hicho kiweke akilini, tutakirudia tukifika kwenye kupasha mwili moto.

Kuhema tu kwa sababu huna mazoezi ni kitu kingine. Huko kuhema huwa kukali wakati wa mbio na huisha dakika chache baada ya kusimama, bila filimbi wala kikohozi. Kuna pia wanaobanwa kooni: taabu yao ni kuvuta hewa ndani, sauti inatokea shingoni, inaanza katikati ya mbio na kuisha haraka, na pompe, kile kichupa cha kupuliza dawa kifuani, haiwasaidii hata kidogo. Hao wanahitaji mtu wa kuwafundisha kupumua. Kuwaongezea dawa ya pumu ni bure. Na kikohozi kilichopita wiki mbili, hasa chenye jasho la usiku au kukonda, kinapimwa kifua kikuu kwanza. Anayekihesabu kama pumu bila kupimwa anapoteza miezi yake na anawaambukiza wa nyumbani.

Ukiweza kupata kipima pumzi, kile kibomba cha plastiki chenye mshale unaosukumwa ukipuliza kwa nguvu, unaweza kupata ushahidi wako mwenyewe. Puliza mara tatu, andika namba kubwa. Kimbia dakika 6 hadi 8 kwa kasi inayokuzuia kuzungumza sentensi nzima. Ukisimama, puliza tena dakika ya 1, ya 5, ya 10, ya 15 na ya 30. Tuseme ulianza na 400, dakika ya 5 ukapata 350, ya 10 ukapata 330, ya 30 ukarudi 390. Kutoka 400 hadi 330 umepoteza 70, yaani asilimia 17.5. Ukipoteza asilimia 15 au zaidi, na picha yenyewe ikiwa hivyo, kushuka baada ya kusimama kisha kupanda, mpelekee daktari karatasi hiyo. Itamwambia mengi kuliko maneno. Jaribio hili halifanywi peke yako, wala bila pompe mfukoni, wala siku ambayo kifua kimeamka vibaya.

Pompe ya bluu peke yake haitoshi

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na si wagonjwa tu. Mtu ananunua farmasi pompe ya bluu ya salbutamol, dawa ya kufungua kifua, anaivuta kila kabla ya mbio, kifua kinatulia, mwaka unapita hivyo. Salbutamol inalegeza misuli ya mrija kwa saa 2 hadi 4 za mazoezi. Uvimbe ulio ndani ya ukuta wa mrija haiugusi. Tena ukiivuta kila siku, mwili unaizoea, na siku ya shida kubwa inafanya kazi pungufu ya ulivyotarajia.

Kinachotuliza uvimbe ni steroidi ya kuvuta: beklometasoni au budesonidi, kwa kiwango kidogo, kila siku kama daktari alivyoandika. Haionyeshi kazi siku hiyohiyo. Kifua cha mbio huanza kubadilika baada ya wiki kadhaa, ndiyo maana wengi wanaitupa siku ya tatu wakisema ni dawa mbovu. Mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, tangu mwaka 2019 hautaki tena mtu mzima au kijana atibiwe kwa salbutamol peke yake, hata mwenye pumu nyepesi. Njia nyingine wanayoipendekeza ni pompe moja yenye budesonidi na formoteroli pamoja: mvuto mmoja kabla ya mazoezi, na mwingine ukibanwa. Inazuia kubanwa na papo hapo inatibu uvimbe. Inapopatikana na mfuko ukiruhusu, ndiyo iliyo bora.

Kifua kinachofunga kila ukikimbia ni taarifa. Jiulize kuhusu wiki nne zilizopita: je, ulipata dalili za mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki? Uliamka usiku kwa sababu ya kifua, hata mara moja? Uliihitaji pompe ya kufungua zaidi ya mara mbili kwa wiki, ukiacha ile ya kabla ya mazoezi? Uliacha kazi au mchezo kwa sababu ya kifua? Jibu moja la ndiyo linatosha kukurudisha kwa daktari kabla ya kuongeza kilomita.

Vidonge vya salbutamol vinavyouzwa kwa urahisi havichukui nafasi ya pompe. Vinachelewa, vinatetemesha mikono na kupiga moyo mbio, kwa kuwa dawa inazunguka mwili mzima ili kufika kifuani, wakati pompe inaifikisha pale pale kwa dozi iliyo ndogo sana kuliko ya kidonge. Na kwa kuwa tuko kwenye farmasi: wanamichezo humeza aspirini na ibuprofeni kwa ajili ya magoti kama karanga. Kuna wenye pumu ambao dawa hizo huwafunga kifua vibaya ndani ya saa moja au mbili. Kama iliwahi kukutokea, usirudie. Parasetamoli ndiyo ya kwako. Dawa za presha za aina ya propranololi nazo hazifai kwa mwenye pumu, mwambie anayekuandikia.

Kabla ya mazoezi, dozi ya kawaida ya salbutamol ni mipulizo 2 ya maikrogramu 100 kila mmoja, dakika 10 hadi 15 kabla ya kuanza. Ukivuta ukiwa mstari wa kuanzia, umechelewa.

Chupa ya nusu lita

Pompe ikibonyezwa, dawa hutoka kwa kasi na sehemu kubwa hugonga nyuma ya koo na kubaki huko. Ndiyo maana mtu anasema amevuta mara sita na hakuna kilichobadilika: amemeza. Tiba yake ni chemba, chombo kinachokaa kati ya pompe na mdomo ili dawa ipungue kasi. Cha dukani ni ghali na mara nyingi hakipo. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walilinganisha chemba za dukani na chupa ya plastiki ya mililita 500 kwa watoto waliobanwa na pumu, na chupa ikafanya kazi sawa nazo.

Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, ngumu kiasi. Pinda waya ufuate umbo la mdomo wa pompe, ule wa duara dufu, uupashe moto kwenye makala, yaani makaa ya jiko, kisha uukandamize kwenye kitako cha chupa mpaka utoboe tundu la umbo hilo. Dogo kidogo ni bora kuliko kubwa, maana pompe inapaswa kuingia kwa kubana. Laini kingo, zungushia utepe wa gundi kama hewa inapita pembeni. Osha chupa kwa maji na sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa: kufuta plastiki kunaweka umeme tuli unaonasa dawa kwenye kuta za chupa. Kabla ya kuitumia mara ya kwanza, pulizia ndani mipulizo michache.

Namna ya kuvuta ni hii. Tikisa pompe kwa sekunde tano. Ichomeke kwenye kitako. Toa hewa yote polepole, funga midomo kuzunguka mdomo wa chupa, bonyeza mara moja tu, na hapohapo vuta polepole kwa sekunde tatu hadi tano. Shika pumzi ukihesabu hadi kumi. Mtoto, au mtu aliyebanwa asiyeweza kushika pumzi, avute na kutoa kawaida mara nne hadi sita ndani ya chupa. Subiri nusu dakika, tikisa tena, mpulizo wa pili. Anayebonyeza mara mbili pamoja ili kuokoa muda anapata pungufu ya dozi moja nzuri, kwa sababu matone hugongana, hukua na kuangukia ukutani. Ikiwa ni pompe ya steroidi, sukutua na uteme, la sivyo utando mweupe wa kuvu utaota mdomoni. Pompe za unga mkavu hazitumii chupa wala chemba. Hizo huvutwa kwa nguvu na kwa haraka, kinyume kabisa.

Saa na njia

Dawa ikiwa sawa, kinachobaki ni hewa yenyewe, na Goma ina hewa za namna nyingi.

Kwanza ni moshi wa makala. Majiko huwashwa alfajiri na tena jioni, na asubuhi hewa baridi hulala chini kama blanketi na kuuzuia moshi usipande. Ndiyo kusema saa ambayo kila mtu huiita saa ya hewa safi, katika mitaa iliyobanana kama Birere, ni saa ya moshi. Kutoka gizani kabla majiko hayajawaka si busara, kwa sababu ambazo kila mkaaji wa Goma anazijua. Kinachobaki ni kuchagua njia: kaa upande wa ziwani ambako upepo unapita, au sogeza mbio hadi saa tatu au nne, jua likishaivuruga ile hewa ya chini. Barabara ya moto (pikipiki) na malori, hata yenye lami nzuri, ni chaguo baya kuliko njia ya ndani. Ukihama mita mia tu kutoka barabara kuu, moshi wa magari unapungua sana.

Vumbi la mawe ya volkano ni la pili. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, moto moja inayopita inakuachia wingu. Ukikimbia kwa kikundi, kaa mbele au pembeni, usikubali mkia. Na salongo ya Jumamosi, ile kazi ya pamoja ya usafi, ni mazoezi kama mazoezi mengine: mwenye pumu apewe toroli au koleo na mwingine ashike ufagio, au vumbi limwagiwe maji kwanza.

La tatu linatoka juu. Volkano za Nyiragongo na Nyamulagira hutoa dioksidi ya salfa, gesi yenye harufu kama ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Mtu mwenye mapafu mazima anaweza kuivumilia kwa kiwango ambacho mwenye pumu anabanwa ndani ya dakika chache, na mazoezi huzidisha tofauti hiyo, kwa sababu pua huinasa karibu yote lakini mdomo huipitisha. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maikrogramu 500 kwa mita moja ya ujazo kwa dakika 10. Huna mashine ya kupima, lakini una pua na macho. Mara nyingi upepo husukuma moshi wa milima upande wa magharibi, Sake na Masisi. Siku unapoushukia mji, ukihisi ladha chungu kooni au macho yanawasha, mazoezi ya nje yameahirishwa, hata kama umeshavuta pompe. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi na kulowanisha pumzi ya asubuhi, na kwa hilo inafaa. Gesi inaipita kama haipo.

La nne ni mazuku. Kaboni dioksidi hutoka kwenye nyufa za ardhi na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, hukaa mabondeni na mashimoni, hasa magharibi mwa mji karibu na ziwa, kuelekea Bulengo na Ziwa la Kijani. Haionekani. Usiku na asubuhi isiyo na upepo hujaa, jua na upepo vikija hupungua. Hii haina uhusiano na pumu: humwangusha aliye mzima vilevile, na pompe haifanyi lolote. Imeingia hapa kwa sababu mwenye pumu anayetafuta njia tulivu, isiyo na moto wala vumbi, huishia kukimbia huko huko, kisha anachuchumaa kufunga kamba za viatu mahali ambapo hewa ya kichwa chake aliposimama na hewa ya magotini si moja. Penye wadudu, ndege au mbuzi waliokufa bondeni, rudi ulikotoka bila kushuka kuangalia. Mwenzako akianguka shimoni, usimfuate chini kwa mkono mtupu. Anayemfuata ndiye wa pili kufa.

Kupasha mwili moto

Kile kipindi cha utulivu kinaweza kuletwa makusudi. Tembea haraka dakika 5, kimbia polepole dakika 5, kisha fanya mikimbio mifupi 6 hadi 8 ya sekunde 30, kila mmoja ukifuatwa na sekunde 60 hadi 90 za kutembea. Kasi iwe ya nguvu bila kuwa ya mwisho. Pumzika dakika 5, halafu anza mazoezi yenyewe. Wengi hawafiki kwenye mikimbio mifupi. Wananyoosha misuli, wanaita hiyo kupasha moto, na kifua hakijaambiwa kitu. Mwisho wa mbio nao usikatwe kwa kisu: dakika 10 za kupunguza mwendo hadi kutembea huzuia mirija iliyopoa isipate joto na damu kwa ghafla.

Michezo haifanani. Mbio ndefu bila kusimama na mpira wa miguu wa uwanja mzima ndiyo huleta kubanwa zaidi, kwa kuwa mwili hupumua kwa nguvu dakika nyingi mfululizo. Voliboli, mieleka, mbio fupi na kunyanyua vitu hazina dakika hizo. Kwenye mpira, golikipa na beki wa kati wana nafuu kuliko winga, na kocha anayejua hilo hamfukuzi mchezaji, anambadilishia nafasi siku mbaya. Kuogelea kuna sifa nzuri, hewa ya juu ya maji ina unyevu, lakini mwenye pumu haingii Ziwa Kivu peke yake: kubanwa ukiwa nchi kavu unakaa chini, majini hakuna pa kukaa.

Wanaosukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, kutoka Kibumba, na kina mama wanaopanda na bidoni (dumu) ya lita 20 kutoka ziwani, wanafanya mazoezi makali kuliko wengi wanaovaa viatu vya mbio, na hakuna anayewaambia wavute dawa dakika 10 kabla. Inawahusu wao kwanza. Mzigo ukiwezekana ugawanywe mara mbili ya lita 10, pumziko liwe kabla ya mlima na pia juu yake.

Anayeanza, au anayerudi baada ya kukaa muda, aanze na dakika 20 mara tatu kwa wiki: dakika 1 ya kukimbia, dakika 2 za kutembea, kwa mwendo wa kuweza kuzungumza. Kila wiki aongeze nusu dakika ya kukimbia. Ukiwa na mafua, au siku tatu nne baada ya kubanwa usiku, punguza au acha. Mirija iliyotoka kuvimba hufungwa na kitu kidogo.

Kifua kikifunga uwanjani

Simama mara ya kwanza inapobana. Kaa wima, legeza kola na mkanda, mikono juu ya mapaja. Usilale, na wenzako wasikuzunguke. Vuta salbutamol mipulizo 4 kwa chupa, mmoja mmoja. Ikifunguka kabisa, maliza siku hapo. Isipofunguka, endelea hadi mipulizo 10, na hapo mtu aanze kutafuta usafiri, asisubiri kuona. Njiani dozi hiyo inaweza kurudiwa kila dakika 20 katika saa ya kwanza. Gari ni bora kuliko moto, kwa sababu mgonjwa anapaswa kukaa wima na kuendelea kuvuta. Maji, maziwa, mafuta ya mawese au dawa ya kienyeji ya kunywa hazipewi mtu anayepigania pumzi. Zinaweza kuingia njia ya hewa.

Usisubiri hata hiyo dozi ya kwanza iishe kama hawezi kumaliza sentensi, anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, midomo imebadilika rangi, au amechoka na kusinzia. Na filimbi ya kifua ikinyamaza ghafla ilhali bado anahangaika, si nafuu: hewa haipiti tena ya kutosha kutoa sauti.

Shuleni kosa hurudiwa kila mwaka: pompe ya mtoto imefungwa kwenye kabati la ofisi na ufunguo uko na mtu aliyekwenda benki. Pompe hukaa na mtoto au na mwalimu wa michezo, uwanjani.

Anayeshindana kwenye mashindano yanayopima dawa ajue kwamba salbutamol ya kuvuta imeruhusiwa hadi maikrogramu 1,600 kwa saa 24, na isizidi 600 ndani ya saa 8, yaani mipulizo 6. Steroidi ya kuvuta inaruhusiwa. Vidonge na sindano za steroidi haviruhusiwi wakati wa mashindano, na vidonge vya salbutamol haviruhusiwi wakati wowote, bila kibali cha matibabu.

Pompe tupu

Pompe nyingi za salbutamol zina mipulizo 200. Ukitumia 2 kabla ya mazoezi, mara 4 kwa wiki, ni 8, na kopo linafika wiki 25. Tatizo ni kwamba dawa ikiisha, gesi inayosukuma bado ipo, kopo linaendelea kupuliza na mtu anaendelea kuvuta. Kuliweka kopo majini kuona kama linaelea hakuonyeshi kitu cha kuaminika, na maji huziba tundu. Kama pompe haina namba za kuhesabu, bandika kipande cha utepe juu ya kopo siku unapolifungua, andika tarehe hiyo na tarehe ya wiki ya 20. Ikifika, nunua nyingine. Ile ya zamani usiiweke kwenye begi la mpira pamoja na mpya. Kwa haraka, mkono huchukua yoyote.